Vigingi vya Kivuko

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Rula alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele cha gari la mama yake, mkanda kaufunga, gurudumu la kupimia kalipakata. Hakuna aliyemwamsha. Siku za shule ilibidi aitwe, avutwe shuka na kutishiwa maji ya baridi, lakini Jumamosi ilikuwa siku ya barabara, na siku ya barabara Rula hakuwa na usingizi.

Mama yake alikuwa mhandisi wa barabara za mkoa. Siku nyingine alishinda ofisini na michoro yake, ila Jumamosi alikwenda kuzikagua barabara kwa macho, na binti yake ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Mama alishika mchoro, Rula akasukuma gurudumu lile lenye mpini mrefu kando ya lami, likilia ka-ka-ka, na kila liliposimama alisoma namba kwa sauti. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Nyumbani alipima meza, madirisha, hata urefu wa baba yake akiwa amelala kwenye mkeka. Jina lake la kuandikishwa lilibaki kwa walimu tu.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la milango minne, na nyuma lilikuwa na sehemu ya mizigo. Kiti cha mbele kilikuwa kirefu cha kuunganika, lakini katikati yake hapakuonekana. Mama alikuwa amepajaza michoro iliyoviringishwa, kofia za kazi, mwavuli uliovunjika na mfuko wa chokaa uliovuja. Upande wa dirishani ndio uliokuwa wazi, na huo ulikuwa wa Rula kwa miaka yote aliyoweza kukumbuka.

Ndipo Redio akaja kuishi nao.

Redio alikuwa binti wa mama mdogo wa Rula, na umri wao ulikuwa karibu sawa. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu utotoni, kwa hiyo alitumia kiti cha magurudumu. Shule ya kwao ilikuwa na ngazi kila upande, na mama yake alifanya kazi ya kuhamishwa leo huku, kesho kule. Mama na mdogo wake wakakubaliana kwamba Redio asome hapa, kwenye shule isiyo na ngazi. Baba yake Rula, ambaye alikuwa seremala, alitengeneza mteremko wa mbao mlangoni na kuujaribu kwa toroli lililojaa matofali. Jina la Redio alikuja nalo mwenyewe, na mlo mmoja ulitosha kumwelewesha kila mtu lilikotoka. Aliongea kabla ya kula, akiwa anakula na baada ya kula.

Siku za mwanzo Rula alifurahi. Walipeana siri, walicheka hadi Baba akagonga ukuta. Kisha Jumamosi ikafika. Rula alitoka na gurudumu lake mkononi, akamkuta Redio amekaa mbele, dirishani, anafunga mkanda.

"Redio akae hapo, mwanangu," Mama alisema. "Mlango wa nyuma ni mwembamba, hawezi kujihamisha kutoka kwenye kiti chake."

"Na mimi?"

"Wewe miguu yako ni mirefu kama ya baba yako. Panda nyuma."

Lilikuwa jambo la haki, na Rula alijua ni la haki, na hilo ndilo lililomuudhi kupita yote. Mtu mwenye kosa unaweza kumnunia kwa raha zako. Mtu asiye na kosa unamnunia kwa shida, na Rula alijitahidi. Alikaa nyuma pamoja na ndoo ya vigingi na kiti cha magurudumu kilichokunjwa, akitazama visogo viwili vinavyocheka.

Walipofika barabarani mambo yalizidi. Mama alilitazama gurudumu la kupimia, akakitazama kiti cha Redio, kisha akachukua kipande cha mpira na kulifunga gurudumu ubavuni mwa kiti. "Hebu jisukume kidogo," alisema. Redio akajisukuma, gurudumu likalia ka-ka-ka.

"Mama Mkubwa, mimi sasa ni mashine," Redio alisema, na Mama akacheka mpaka akashika kiuno.

Rula hakucheka. Kwanza, gurudumu lilikuwa lake. Pili, lile neno *Mama Mkubwa* lilikuwa na *Mama* ndani yake, na Redio alilitamka mara nyingi mno kwa siku. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, watu husema. Huyu wa kwao wiki ya kwanza tu alipewa kiti, gurudumu na kicheko cha mama wa mtu, na jembe hakuliona.

Mwezi huo Mama alikuwa na kazi kubwa. Barabara ya mkoa iliyopita katikati ya mji wao ilikuwa inapanuliwa, nayo ilibeba kila kitu: malori, mabasi, gari la wagonjwa, wanafunzi wa miguu na wazee wanaokwenda zahanati. Jioni moja Mama aliigeuza meza ya chakula kuwa mkoa mzima. Mwiko ulikuwa barabara kuu. Sahani zilikuwa vijiji, vijiko vilikuwa barabara ndogo za kuvifikia, na kopo la chumvi lilikuwa zahanati.

"Barabara moja inaombwa kazi mbili zinazogombana," Mama alieleza. "Aliye kijijini mbali anataka gari la wagonjwa limfikie upesi. Aliye hapa karibu anataka kuvuka bila kugongwa. Ukimsikiliza wa kwanza peke yake, unaua wa pili. Ukimsikiliza wa pili peke yake, wa kwanza anafia njiani."

"Malori yapite pembeni," Rula alisema haraka, kwa kuwa hilo alilijua tangu zamani. Aliweka kijiko kuzunguka mji. "Barabara ya mchepuko."

"Vizuri. Hilo tumeshaliomba, litachukua muda."

"Na mtu akishuka basi upande usio wa zahanati?" Redio aliuliza. "Anafikaje kwenye chumvi?"

Mama aliweka chini kijiko chake cha chakula. "Hilo ndilo swali," alisema polepole, akaanza kulijibu, na wali wake ukapoa.

"Mimi naiomba hiyo zahanati," Baba alisema. "Mboga haina ladha."

Wote walicheka isipokuwa mmoja. Rula alikuwa ameuliza maswali mezani hapo tangu ajue kusema, na hakukumbuka hata mara moja ambapo Mama aliweka chini kijiko. Alijikaza kisabuni, akamaliza chakula, akaosha vyombo bila kuambiwa. Baba alimtazama kwa wasiwasi, maana mtoto anayeosha vyombo bila kuambiwa ana jambo.

Kitu kimoja kilikuwa bado kimebaki kuwa cha Rula. Kabla Redio hajaja, Mama alikuwa amemuuliza yeye, akiwa mwanafunzi wa kuvuka kila siku, kivuko kiwekwe wapi. Rula alichagua mbele ya kituo cha mafuta, kwa sababu pale ndipo njia ya kutoka shuleni inapokutana na lami. Mama alipima, akakubali, akachora. Vigingi vinne vyenye vichwa vyekundu vilipigwa ardhini. Hapo ndipo zege lingemwagwa kutengeneza mteremko wa kushukia barabarani, kisha mistari ya kivuko ingechorwa. Rula alivipita vigingi hivyo kila siku na kuviona kuwa ni vyake.

Alhamisi jioni Mama aliwachukua wote wawili kwenda kukitazama kivuko kwa mara ya mwisho. Redio alishushwa. Rula alikataa kushuka.

"Kichwa kinaniuma," alisema.

Kichwa hakikumuuma. Alitaka aombwe. Alitaka Mama afungue mlango wa nyuma na kusema, *Bila wewe siwezi kupima*. Mama alimshika paji la uso, akasema, "Pumzika basi," akaenda zake. Rula akabaki garini, vioo vimefungwa, asisikie kitu. Aliwaona wakisimama kwenye vigingi, kando ya ua wa michongoma. Alimwona Redio akinyoosha mkono na kuongea, kama kawaida yake. Alimwona Mama akichuchumaa pembeni yake, akitikisa kichwa, akichuchumaa tena. Kisha Mama akaving'oa vigingi vyote vinne na kwenda kuvipiga mbele zaidi, karibu na lango la zahanati.

Rula hakuuliza kwa nini. Njiani Redio aligeuka nyuma na kusema, "Rula, unajua pale kwenye ule ua—" lakini Rula alifumba macho na kujifanya amelala. Moyoni alikuwa anawaka. Kiti kimekwenda, gurudumu limekwenda, meza imekwenda, na sasa kivuko.

Ijumaa baada ya masomo Redio alibaki kwenye mazoezi ya kwaya, na Rula alirudi nyumbani peke yake. Alipofika kwenye lango la zahanati alisimama. Watu walikuwa wakipita, kila mtu na shughuli zake. Nani atamshangaa mtoto wa mhandisi akishika kigingi? Aliving'oa kimoja kimoja, akaziba matundu kwa udongo na kuyakanyaga kwa kiatu. Kisha akavirudisha mbele ya kituo cha mafuta, akavigonga kwa jiwe mpaka vikasimama imara. Alipotazama vichwa vile vyekundu pale alipovizoea, aliona raha. Raha hiyo ilimfikisha nyumbani tu. Usiku hakula vizuri.

Jumamosi Mama aliondoka mapema kwenda makao makuu ya mkoa ili mchoro mpya utiwe saini. Aliwaachia kazi mafundi, na msimamizi wao alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila kofia yake ya kazi. Mama alikuwa amemwambia kwa simu, "Nimesogeza kidogo. Wewe fuata vigingi." Kofia alifika, akaviona vigingi, akafungua mchoro aliokuwa nao, ule wa zamani. Vililingana kabisa. Akadhani bosi kabadili mawazo na kurudi kulekule. Mafundi wakaanza kuchimba.

Baba ndiye aliyekuwa ametengeneza mbao za kuzuia zege, kwa hiyo alizileta kwa mkokoteni, akifuatana na wasichana wote wawili. Mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa imeshaanza kuzunguka. Redio alisimamisha magurudumu yake ghafla.

"Siyo hapa," alisema. "Fundi, siyo hapa. Vigingi vilikuwa kule, kwenye lango."

Kofia alitabasamu kwa upole wa mtu mwenye haraka. "Binti, tazama mwenyewe. Mchoro hapa, kigingi hapa. Karatasi na ardhi vinasema neno moja."

"Juzi Mama Mkubwa alivihamisha. Nilikuwepo."

Baba alimpigia Mama simu. Ilikuwa imezimwa, maana kikao kilikuwa kimeanza. Alikuna kichwa. "Tusubiri kidogo, fundi?"

"Kusubiri ningesubiri," Kofia alisema, akionyesha mashine kwa kidevu, "lakini zege halilali. Likishachanganywa, lazima limwagwe."

Redio akageuka. "Rula, wewe ulikuwepo. Waambie."

Watu wote wakamtazama Rula: Baba, Kofia, mafundi wenye makoleo mkononi.

"Mimi nilikuwa garini," alisema. "Kichwa kiliniuma. Sikuona."

"Basi," alisema Kofia, na makoleo yakarudi kazini.

Redio hakulia wala hakubisha tena. Alinyamaza, na kwa kuwa Redio hakuwahi kunyamaza, Baba alimtazama mara mbili. Alijisukuma mpaka pale ambapo mteremko ungekuwa, ukingoni mwa lami, kando ya ua wa michongoma uliozunguka kituo cha mafuta. Akakaa pale akitazama majani.

Rula alipaswa kuona raha. Kivuko chake kilikuwa kimerudi. Badala yake alimwendea Redio kwa hasira, maana mtu aliyekosea humkasirikia yule anayemkumbusha. Hakutaka Baba asikie, kwa hiyo alichuchumaa kando ya kiti na kumnong'oneza sikioni.

"Kwa nini unapenda kuingilia? Kabla hujaja, hapa mimi ndiye—"

Hakumaliza. Honi ililia karibu kabisa, na lori likapita mbele yao kwa kishindo, vumbi likawafunika. Rula alianguka chini kwa makalio. Lori lile lilikuwa limetoka wapi? Alitazama upande lilikotokea. Hakuona barabara. Aliona michongoma tu, majani juu mpaka chini.

Alisimama. Aliposimama, aliiona barabara yote kwa juu ya ua, hadi kwenye kona, na gari jingine dogo likija. Akachuchumaa tena. Barabara ikapotea.

"Ndicho nilichomwonyesha Mama Mkubwa," Redio alisema kwa sauti ndogo. "Mimi siwaoni madereva, na wao hawanioni. Na watoto wa chekechea ni wafupi kuliko mimi. Nilitaka kukuambia kwenye gari, ukalala."

"Ua unaweza kupogolewa," Rula alisema, ingawa hata yeye aliona maneno yake hayana miguu.

"Mama Mkubwa alisema hivyo pia. Kisha akasema ua ukipogolewa leo, mwezi ujao umerudi, na siku hiyo hakuna atakayekumbuka."

Nyuma yao mashine ilibadili sauti. Mafundi wawili walikuwa wanaiinamisha ili kumimina zege kwenye toroli. Rula alitazama ule ukingo wa lami, akaitazama miguu ya Redio iliyokaa juu ya vibao vyake, hatua moja tu kutoka mahali lori lilipopita. Huyu angekuja hapa Jumatatu, angeteremka kwa furaha kwenye zege jipya, kwa sababu mteremko ukiwekwa mahali ni sawa na kusema *pita hapa, pako salama*.

"Fundi, msimwage," alisema. Hawakumsikia. Akakimbia na kusimama ndani ya shimo lenyewe, katikati ya mbao za baba yake. "Msimwage. Ni mimi niliyevihamisha."

Makoleo yalisimama. Baba alikuja taratibu, akifuta mikono kwenye suruali.

"Umehamisha nini?"

"Vigingi. Mama aliviweka kule. Jana nilivirudisha huku. Redio anasema kweli, na mimi nilisema uongo." Alikuwa analia tayari, na aibu ilikuwa kubwa kwa kuwa mafundi walikuwa wengi. "Nilimwonea wivu."

Baba alimnyooshea mkono. "Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu," alisema. "Yako imeishia shimoni. Toka, utuonyeshe vilikokuwa."

Kofia aliivua kofia yake. Mafundi walionekana kushangazwa na hilo kuliko ungamo lenyewe. Alijifuta upara, akaivaa tena, akapaza sauti: "Mashine isizimwe. Mbao kule langoni. Mnaochimba, chimbeni kama mnafukuzwa."

Rula alikimbia mbele yao mpaka kwenye lango la zahanati. Alipiga magoti na kufukua kwa vidole udongo alioukanyaga jana, mpaka matundu yote manne yakaonekana. Redio alikuja nyuma yake na kuhakikisha: kigingi cha kwanza kilitazamana na nguzo ya lango, ndivyo Mama alivyosema. Baba akabeba mbao, mafundi wakachimba, Rula akasomba udongo kwa karai hadi kiganja kikachubuka. Toroli la kwanza la zege lilipofika, shimo lilikuwa tayari, ingawa kingo zake zilikuwa zimepinda kidogo na Kofia alilalamika kwamba kazi ya namna hiyo ingemtia aibu hata kipofu.

Mama alifika mchana, mchoro mpya mkononi, na Baba akamweleza yote pembeni. Alikasirika bila kelele, na Rula angependa kelele. Alikwenda kwenye shimo tupu la kituo cha mafuta, akachuchumaa penye ua, akakaa hapo mpaka basi likapita. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kwa nini?" aliuliza.

Rula alikuwa ametayarisha maneno mengi mazuri. Yalitoka mengine. "Kwa sababu unampenda yeye. Kiti ulimpa, gurudumu ulimpa. Akiuliza kitu unaweka kijiko chini. Mimi hujawahi kuniwekea kijiko chini."

Mama aliuviringisha mchoro mpya polepole. Lazima alikuwa anavikumbuka vijiko.

"Hilo nimelisikia," alisema mwishowe, "na sehemu yake ni kosa langu. Lakini lako ni kubwa zaidi, na tulimalize kwanza. Kigingi ni neno langu kwa watu wasioniona. Fundi hakunisikia mimi, alikisikia kigingi. Mama mwenye mtoto mgongoni asingenijua mimi, angeuamini mteremko. Ukikihamisha, umewaambia wote hao uongo kwa sauti yangu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Lile shimo utalifukia mwenyewe. Jumamosi ijayo na inayofuata, uko chini ya Kofia, si chini yangu. Na yupo mtu unayepaswa kumwendea sasa hivi."

Redio alikuwa kivulini, anapangusa vumbi kwenye magurudumu kwa kitambaa.

"Nisamehe," Rula alisema. "Ungegongwa."

"Ningegongwa, ndiyo," Redio alikubali. Hakuwa na haraka ya kumsaidia. Alipangusa gurudumu moja mpaka likang'aa. "Unajua, nami nakuonea wivu. Wewe unamwona mama yako kila siku mpaka unapata nafasi ya kumnunia. Mimi wangu namsikia kwenye simu, na mtandao ukikatika, ndiyo basi."

Hilo Rula hakuwa amelifikiria hata siku moja. Alichukua kitambaa mkononi mwa Redio, akapiga magoti na kuanza kupangusa gurudumu la pili.

Walipomaliza, Rula akalifukia lile shimo, kisha wakaelekea kwenye gari. Mama alimsaidia Redio kuhamia kiti cha mbele, dirishani. Rula alikunja kiti cha magurudumu, akakiingiza nyuma, kisha akafungua mlango wake kimya kimya.

"Ngoja," Mama alisema.

Alikuwa amesimama upande wa dereva, akikitazama kiti cha mbele kama anayekiona leo. Alivuta michoro akaitupa nyuma. Zikafuata kofia za kazi, mwavuli, na mfuko wa chokaa uliomwaga unga hadi kwenye sketi yake. Chini ya takataka hizo kulikuwa na kiti. Alipopenyeza mkono kwenye ufa wake, akavuta mkanda wa usalama uliojaa vumbi, mzima kabisa.

"Kimekuwa hapa tangu gari linunuliwe," Mama alisema. "Ninapanga barabara za mkoa mzima ili kila mtu apate pa kupita salama, na gari langu mwenyewe limenishinda. Nilipompa Redio nafasi, sikupaswa kuichukua kwako. Nilipaswa kuondoa makaratasi." Alimgeukia Rula. "Lakini nawe sikia, na usisahau. Barabara nzuri haimwondoi mmoja ili mwingine apite, na moyo wa mtu ni hivyohivyo. Siku ukikosa nafasi, njoo useme. Piga kelele ukitaka. Usihamishe kigingi cha mwenzako."

"Nimesikia, Mama."

Rula aliingia, akajibana katikati, akafunga mkanda. Kisha, kwa kuwa hakuweza kujizuia, alikipima kiti kwa shubiri, kutoka bega la Mama hadi bega la Redio.

"Tunaenea?" Redio aliuliza.

"Tunaenea," Rula alisema. "Ila usianze kuongea kabla hatujafika kwenye kona."

Redio alianza kabla gari halijawashwa.